Pumzi Kabla ya Neno

Mikono miwili ilishika maikrofoni moja, na hakuna uliotaka kuachia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi dukani kwa Hardeep, Barabara ya Luthuli, pale ambapo ukisimama vibaya kidogo tu unajikuta umenunua spika. Nje, muuza soksi alitangaza bei zake kwa kipaza sauti, mhubiri akamjibu kwa chake, na pikipiki zikapita katikati yao zikipiga honi kama vile nazo zina neno la kuchangia. Ndani, kwenye rafu ya kioo, ilikuwa imebaki maikrofoni moja nyeusi, nene kama gunzi la mahindi, na sasa ilikuwa imezungukwa na vidole vya watu wawili wasiojuana.

"Boss, samahani," akasema msichana. "Hii nimeishika kwanza."

"Umeishika kwanza, lakini mimi nimeiona kwanza," akajibu kijana. "Nimeiona tangu Alhamisi."

"Hata mimi Prado nimeona nyingi, na bado natembea na miguu."

Hardeep, nyuma ya kaunta na kikombe chake cha chai, hakujisumbua kuinuka. "Msinivunjie kitu. Imebaki hiyo moja. Ingine inakuja mwezi ujao, na hata hiyo sina uhakika."

Hapo ndipo walipotazamana vizuri. Msichana aliitwa Wangeci. Alivaa sweta ya rangi ya haradali na jinzi iliyomkaa sawasawa, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge, na miguuni raba nyeupe ambazo alikuwa amezilinda zisikanyagwe tangu alipovuka Barabara ya Tom Mboya. Kijana aliitwa Musili. Alikuwa mrefu, mwenye fulana nyeusi iliyopauka mabegani, na kiunoni alining'iniza rola ya tepu nyeusi kwa sababu alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, wa harusi, mikutano ya kanisa na sherehe zote ambazo wazee hupenda kuhutubia. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza, na kwa Wangeci hilo lilikuwa jambo jipya kwa mwanamume.

"Unaitaka ya nini?" akauliza Musili, mkono ukilegea kidogo.

"Redio Kilele wanatafuta mtangazaji wa kipindi cha jioni. Kila mtu atume demo amejirekodia. Mimi niko na podikasti yangu, ya watu wa nyumba za kupanga, lakini nimekuwa nikirekodi na simu. Nikituma ya simu, hawatamaliza hata dakika moja. Na hii kazi, boss, nimeingoja tangu nikiwa chuo."

"Basi kama ni redio, achana na hii nyeusi. Chukua ile ya silver." Musili akamwonyesha nyingine, iliyong'aa ndani ya sanduku lake kama mkufu. "Hiyo ndiyo wanatumia kwa studio. Inashika kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hata nywele ikianguka chini utaisikia."

"Sasa hiyo ndiyo shida. Mimi sina studio. Niko na kabati."

"Kabati?"

"Kabati ya nguo. Naingia, nafunga mlango, nakaa katikati ya makoti. Na jirani yangu hapo mtaa wa Jamhuri anafuga kuku, na chini kuna mtu anatengeneza pikipiki. Unataka nitume demo ya jogoo?"

Musili akacheka mpaka Hardeep akainua macho. Kisha, kwa kuwa ubishi haukuwa unaisha, Hardeep mwenyewe akaunganisha maikrofoni zote mbili kwenye kichanganya sauti chake na kumpa Musili vipokea sauti avae masikioni. "Funga macho. Yeye aongee. Mkishamaliza mmoja anunue, mwingine aende nyumbani."

Musili akafumba macho. Wangeci akaanza na ile ya kung'aa. Sauti yake ilikuja safi, ndiyo, lakini nyuma yake walikuja wote: muuza soksi, mhubiri, pikipiki, na kijiko cha Hardeep kikikoroga sukari.

"Sasa hii nyeusi," akasema Musili. "Lakini sogea. Sogea kabisa. Hii haisikii mtu wa mbali. Ikaribie kama unaiambia siri."

Wangeci akasogea, na Luthuli yote ikapotea. Hakuna soksi, hakuna mahubiri. Katika ule ukimya Musili alisikia pumzi. Ilikuwa pumzi ya pua, na kabla haijaisha nyingine fupi ikapanda juu yake, kama ya mtu anayejiandaa kuruka mtaro. Baadaye ndipo neno likaja.

"Sasa," akasema Wangeci ndani ya masikio yake. "Unanipata?"

Alimpata. Hapo ndipo Musili alipokwisha, ingawa aliendelea kujifanya anasikiliza maikrofoni.

"Umesikia nini?" akauliza Wangeci.

"Rudia."

"Si umesikia?"

"Rudia tu. Ni mambo ya kiufundi."

Akarudia, na pumzi ile ikaja tena, zote mbili. Musili akafumbua macho. "Unajua unavuta pumzi mara mbili kabla uongee?"

Wangeci akaziba mdomo kwa mkono. Uso wake uliokuwa ukitania ukazimika mara moja. "Najua. Mwalimu wangu wa redio alikuwa anasema napumua kama mtu amepanda ngazi. Alinicheka mbele ya darasa. Nimejaribu kuacha, inakataa."

Angemwambia hapo hapo kwamba pumzi hiyo ndiyo imemteka, hadithi hii ingekuwa fupi na sote tungekwenda zetu. Lakini wanaume wa kazi ya sauti ni wagumu wa kutoa ya kwao. Musili akavua vipokea sauti na kusema, "Chukua nyeusi. Umeshinda. Lakini nipatie namba yako."

"Ya nini?"

"Ya warranty."

"Warranty si ni ya Hardeep?"

"Mimi sitoi warranty," akasema Hardeep.

Wangeci akacheka, akatoa namba.

Simu ya kwanza ilipigwa jioni ile ile.

"Sasa, mwizi wa maiki."

"Nani huyu?"

"Warranty."

"Ah, warranty! Na mbona unapiga mapema? Bado haijaharibika."

"Nataka kujua inaendelea aje. Imekula?"

"Imekula. Mimi ndiyo bado."

"Basi nikuletee chapati kesho, tuone hiyo kabati."

Alikuja kweli, na chapati zikiwa za moto ndani ya karatasi. Nyumba ya Wangeci ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, dirisha likitazama paa la jirani ambako jogoo alijitangaza kila alipopata nafasi. Musili alitundika blanketi nyuma ya makoti, akamwonyesha umbali wa kukaa na maikrofoni, upana wa vidole vinne kati yake na midomo. Alipima kwa vidole vyake mwenyewe. Vidole vilikawia pale kuliko ilivyohitajika kwa kazi, na Wangeci hakulalamika.

Mapenzi yakashika kasi. Musili akaacha kumwita Wangeci, akawa anamwita Sauti, na katika simu yake alimwandika hivyo. Yeye akawa Fundi. Wakikutana Adams Arcade baada ya kazi, walikula chipsi wakibishana watangazaji gani wanakula maikrofoni na gani wanaikimbia. Wasipokutana, walipigiana.

"Sauti wangu, uko wapi?"

"Kabatini."

"Toka basi, nitaonea hayo makoti wivu."

"Njoo uyatoe wewe mwenyewe, babe. Koti la brauni limeanza kunizoea."

Demo waliirekodi alasiri moja ya joto. Wangeci alikuwa ndani ya kabati, jasho likimtiririka, akisimulia kisa cha mpangaji aliyehama na mlango. Musili alikuwa sakafuni nje, vipokea sauti masikioni, akijiuma ngumi asicheke. Pikipiki zilinguruma chini, jogoo aliwika, na maikrofoni nyeusi haikushika hata mmoja wao. Wangeci alipotoka, nywele zimesimama, alijua amefanya kitu kizuri. Aliruka, akamkumbatia, wakaangukia rundo la nguo.

"Nitaisafisha kidogo, nisawazishe volume," akasema Musili. "Halafu niwatumie."

"Tuma tu, Fundi. Mimi nakuamini."

Kesho yake Musili aliketi chumbani kwake Kangemi mbele ya kompyuta, akaifungua ile demo, na kila Wangeci alipotaka kuongea zilisikika zile pumzi mbili. Alizipenda. Lakini alikumbuka alivyoziba mdomo dukani, na yule mwalimu aliyemcheka mbele ya darasa. Akasema moyoni kwamba safari hii hakuna atakayemcheka. Akaanza kuzikata, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele. Alipomaliza, sauti ilikuwa safi, nyororo, isiyo na doa. Akaituma, akalala kifua mbele.

Jamani, mtu anaweza kukuharibia kwa upendo.

Simu ya Redio Kilele iliwakuta Adams Arcade. Wangeci alikuwa amevaa gauni la kijani alilolinunua kwa ajili ya jibu hilo, na alipoona namba ngeni alimshika Musili mkono juu ya meza.

"Hello? Ndiyo, ni mimi Wangeci."

"Wangeci, naitwa Fatema, mkuu wa vipindi Redio Kilele." Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu asiyependa analotaka kusema. "Demo yako imetufurahisha. Stori ni tamu. Lakini tumeisikiliza watu watatu, na hakuna mahali unapumua."

"Sijaelewa."

"Hupumui, dada. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Binadamu hawezi kuongea hivyo. Tulisema wazi kwamba hatupokei sauti ya kutengenezwa na AI. Pole, tumelazimika kukutoa."

"Lakini hiyo ni sauti yangu! Ni mimi!"

"Pole sana, dada." Simu ikakatika.

Wangeci aliweka simu chini polepole. Musili alikuwa amesikia yote, na rangi ilikuwa imemtoka.

"Musili. Ulifanya nini na sauti yangu?"

"Nilitoa tu... nilitoa zile pumzi. Nilidhani huzipendi. Ulisema—"

"Nilisema nilichekwa! Sikusema uzitoe!"

"Nilitaka usichekwe tena, babe. Nilitaka ikae professional."

"Professional." Wangeci akauachia mkono wake. "Kumbe hata wewe. Siku zote hizo unanipigia simu, Sauti, Sauti, kumbe kuna nusu yangu unaionea aibu. Huyo mwalimu angalau alinicheka mbele yangu. Wewe umenikata nikiwa sipo."

"Sauti, nisikize—"

"Usiniite hivyo." Akafungua mkoba, akatoa maikrofoni nyeusi iliyofungwa kwa kitambaa, akaiweka katikati ya sahani za chipsi. "Chukua. Si uliiona tangu Alhamisi? Na usinipigie. Usinipigie mpaka mimi nikupigie."

Akaondoka na gauni lake la kijani, na watu wa meza za jirani wakajifanya wanatafuta chumvi.

Musili hakupiga simu. Asubuhi iliyofuata alichukua ile demo yenyewe, ambayo mkasi haujaigusa, akaenda mpaka ofisi za Redio Kilele na kuketi mapokezi. Akaambiwa Bi Fatema yuko mkutanoni. Akasema atangoja. Akaambiwa mkutano ni mrefu. Akasema hata yeye hana haraka. Mchana, mwanamke mwenye hijabu ya rangi ya zambarau na miwani iliyosukumwa juu ya paji la uso akapita akila tufaha, na Musili akaijua sauti yake alipomsalimu askari.

"Madam, mimi ndiye nimeharibu demo ya Wangeci. Si yeye. Si AI. Ni mimi."

Fatema akamtazama, akampeleka ofisini kwake, akavaa vipokea sauti na kusikiliza. Mara akatabasamu. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Huyu dada anapumua."

"Sana, madam."

"Inapendeza. Unajua kabisa kuna kitu kinakuja. Kwa nini uliitoa?"

"Ujinga."

"Ujinga ama mapenzi?"

"Zote mbili."

Fatema akacheka, akachukua simu. Wangeci aliitwa kwa majaribio ya moja kwa moja studioni, akaenda, akapumua alivyozaliwa akipumua, na kabla hajavua vipokea sauti akaambiwa aanze Jumatatu jioni. Alipiga kelele ya furaha mpaka mafundi wakaruka. Akiwa mlangoni, Fatema akamwambia, "Na umshukuru yule kijana wako. Alikaa mapokezi hapo mpaka nikamwonea huruma."

Sasa hapa ndipo utakapotaka kuwapiga hawa watu wawili makofi. Wangeci alifika nyumbani, akaitoa simu, akalitafuta jina la Fundi, akaliangalia. Akajiambia: angekuwa ananipenda, si angepiga? Labda alikwenda kule kusafisha dhamira yake tu. Musili naye, kule Kangemi, alikuwa na simu kifuani, akijiambia: alisema nisipige, na mimi nimeshamkosea mara moja kwa kutomsikiliza. Kila mmoja alingoja simu ya mwenzake. Redio Wangeci alikuwa ameipata, lakini kila alipofikiria ile Jumatatu, mtu aliyetaka kumwambia alikuwa mmoja, na huyo ndiye hakuweza kumpigia.

Jumamosi ilikuwa siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari, ya Waithera, binamu yake Wangeci. Nyumbani kwao Mountain View hema nyeupe zilijaa uani, sufuria za mukimo na nyama zilitoa moshi, na akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya kufanana, kola zimesimama. Mbuthia, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa ametengeneza ndevu na kuvaa shati lenye shanga kifuani. MC alikuwa Norman, mtu wa maneno mengi na suti ya samawati, naye alikuja na fundi wake wa sauti.

Wangeci alikuwa chumba cha ndani akifungwa leso kubwa za kanga pamoja na wasichana wengine. Desturi ni kwamba bibi harusi na wenzake hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wasiongee wala kuonekana uso, na bwana harusi awapitie amtambue wake. Akikosea, faini. Shangazi alikuwa anambana pini begani, Wangeci aliposikia spika za nje zikinguruma.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Wangeci akageuka ghafla. Sauti hiyo aliijua hata ingekuja kutoka kisimani.

"Shangazi, ngoja. Simu yangu iko wapi?"

"Ya nini? Kwani utapiga simu ukiwa ndani ya leso?"

"Naishika tu."

Wakatolewa nje kwa vigelegele, wasichana watano waliofunikwa, wakijikwaa na kuchekeana chini ya nguo, wakasimamishwa mstari mmoja. Musili alikuwa kando, nyuma ya mitambo yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii. Alijua tu kwamba ni kazi ya Norman. Hakujua ni nyumba ya nani.

Mbuthia alizunguka mara moja. Akazunguka tena. Wasichana walikuwa wamelingana urefu kama vile wamepimwa, na shangazi walikuwa wamewavalisha viatu vya aina moja makusudi.

"Mbuthia, tusaidie!" Norman akaita. "Kwani ulikuwa unachumbia ukiwa umefunga macho?"

"Wamenichanganya, MC! Hata miguu hawaonyeshi!"

"Faini!" wakapiga kelele akina mama. "Faini!"

"Subirini, wageni wetu! Leo tumekuja na teknolojia. Musili, leta maiki hapa! Msichana haruhusiwi kuongea, lakini kupumua si makosa. Mbuthia asikie pumzi, achague!"

Watu wakapiga meza kwa kicheko. Maikrofoni za Norman zisizo na waya zilikuwa zimekwisha betri kwa hotuba za wazee, kwa hiyo Musili akachukua ile nyeusi, akavuta waya wake mrefu mpaka katikati ya uwanja. Alimkaribia msichana wa kwanza, akaisogeza mpaka kwenye leso. Kwenye spika kikasikika kicheko kilichobanwa puani. Wa pili akakohoa, na watu wakashangilia. Wa tatu akakataa kupumua kabisa, akashikilia mpaka akalipuka, na mzee mmoja akamwaga soda.

Akafika kwa wa nne.

Maikrofoni ile haisikii mtu wa mbali. Kelele za uwanja mzima, sufuria, watoto na magari ya Waiyaki Way, haikuzijali. Ilisogezwa umbali wa vidole vinne, na kutoka kwenye spika zote ikatoka pumzi ya pua, na kabla haijaisha nyingine fupi ikapanda juu yake.

Musili akasimama. Akaisogeza maikrofoni mpaka ikagusa leso, na spika zikatoa mkwaruzo.

"Ni huyu," akasema.

"Asante sana!" akasema Norman. "Mbuthia, umesikia, fundi anasema ni huyu—"

"Hapana. Ni huyu wangu."

Uwanja ukalipuka. "Wako nani?" Norman akapayuka. "Wewe ni wa sound!"

"Nani amechagua? Huyu wa waya?" akauliza Mama Waithera kwa hasira ya utani.

Musili hakuwasikia. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye leso, akisahau kwamba maikrofoni mkononi mwake ilikuwa wazi na Mountain View yote ilikuwa inamsikiliza.

"Nilikata pumzi zako kwa sababu niliogopa wakucheke," akasema. "Sikuwahi kuzionea aibu. Zilinimaliza siku ya kwanza pale kwa Hardeep, nikashindwa kusema. Uliniambia nisipige simu, sijapiga. Lakini nimekumiss, Sauti. Nimekumiss mpaka kazi siisikii vizuri."

Akina mama wakasogea karibu. Mmoja akatoa leso ndogo akajifuta macho.

"Mbuthia!" ikapaa sauti kutoka kwa msichana wa tano. "Niko hapa! Watu wanachumbiwa na wewe umesimama!" Mbuthia akakurupuka akamkimbilia Waithera wake, na vigelegele vikapanda hadi juu ya hema.

Vilipotulia, mzee mmoja alikuwa amesimama na fimbo yake. Alikuwa Mzee Mungai, baba yake Wangeci, mtu ambaye hakujulikana kwa kuharakisha neno.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Musili, Mzee."

"Musili. Umechagua msichana wangu mbele ya mashahidi, na si zamu yako. Kwa desturi yetu hiyo ni faini. Ni mbuzi. Sasa niambie, huyo mbuzi utamleta kama faini uende zako, ama utarudi hapa na wazee wako ili tuanze mazungumzo?"

"Nitarudi na wazee, Mzee."

"Kutoka wapi?"

"Machakos."

"Si mbali." Mzee akageukia leso ya nne. "Na wewe, msichana wangu? Huyu unamtaka, ama tumfukuze na waya wake?"

Kitu kikasogea ndani ya leso, kama mkono unaotafuta jambo gizani. Watu wakangoja. Kisha simu ikaita mfukoni mwa Musili.

Akaitoa kwa mkono ulio huru. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: Sauti.

Akapokea, akaiweka sikioni, huku mkono wa pili ukiwa bado umeshika maikrofoni karibu na leso. Pumzi mbili zikaja, sikioni mwake na kwenye spika zote kwa wakati mmoja, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni za nani.

"Fundi," akasema Wangeci. "Nimekupigia. Mwambie Baba mbuzi apokelewe, pamoja na wazee wako."